Kupotea kwa wakati katika Dragon Ball Z: Budokai Tenkaichi 3: mwongozo kamili kwa wachezaji wa PlayStation 2

Wachezaji wengi wa gemu hii hukwama mahali pamoja. Wanajua kwamba pigo zito la mpinzani linaweza kukwepwa kwa kubonyeza kitufe cha Duara pale pale linapogusa mwili, ili mhusika apotee na kutokea nyuma ya aliyempiga, lakini kila wanapojaribu wanachelewa, wanarushwa mbali, na mwishowe wanaamua kwamba vidole vyao ni vizito. Mara nyingi vidole havina kosa. Picha wanayoiona kwenye televisheni ni ya zamani kidogo kuliko pambano lenyewe, au pedi imechakaa, au mita ya ki (nguvu ya ndani ambayo mhusika huitumia kupigana) iko tupu, na mambo hayo matatu hayatibiwi kwa mazoezi.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na mashine na televisheni kabla ya kufika kwenye pambano. Usiruke hatua za mwanzo hata kama una hamu ya kupigana, kwa kuwa mazoezi yaliyofanywa kwenye televisheni inayochelewa hufundisha vidole wakati usio sahihi, na kuusahau wakati huo ni kazi kuliko kujifunza upya.

## Vitu unavyohitaji

Tafuta kwanza vitu vifuatavyo, kisha viweke mezani:

- PlayStation 2 inayofanya kazi, ya umbo nene au jembamba.
- CD halisi (kiufundi ni DVD) ya Budokai Tenkaichi 3 ya kanda moja na mashine yako. Mashine ya Ulaya haisomi CD ya Marekani wala ya Japani, na kinyume chake ni vivyo hivyo.
- Pedi mbili za waya. Pedi zisizo na waya za bei nafuu ziache kando kwa sasa.
- Memori kadi ya MB 8.
- Waya wa AV wenye vichwa vitatu (njano, nyeupe, nyekundu), au, bora zaidi, waya wa komponenti wenye vichwa vitano.
- Televisheni. Ukipata TV ya chogo, ichukue kwa mikono miwili.
- Simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole, ikiwezekana fremu (picha moja moja) 240 kwa sekunde.
- Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, vijiti vya pamba, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na bisibisi ndogo ya nyota.
- Mtu wa kufanya naye mazoezi. Hahitaji kuwa hodari. Anachohitaji ni subira.

## Hatua ya 1: Soma kibandiko cha umeme

Geuza mashine na usome kibandiko kilicho nyuma au chini yake. Mashine nene hupokea umeme wa ukutani moja kwa moja, na zile nyembamba za mwanzo hutumia adapta ya nje inayotoa volti 8.5. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zimeandikwa volti 120, na za Japani volti 100, ilhali umeme wa ukutani Tanzania ni volti 230 na Kenya ni 240.

Onyo: ukichomeka mashine ya volti 120 kwenye umeme wetu bila transfoma ya kushusha volti, unaiunguza papo hapo. Ikiwa mashine ni nyembamba na ina adapta, kibandiko cha kusoma ni kile cha adapta, sehemu ya kuingiza umeme. Kikisomeka 100–240, hakuna shida. Kikisomeka 120 peke yake, usichomeke kabisa.

## Hatua ya 2: Safisha CD na lenzi

Gemu hii husoma CD mara kwa mara, hasa wakati wa kupakia wahusika na viwanja. CD chafu husababisha kusitasita ambako mchezaji hudhani ni ucheleweshaji wa televisheni.

Futa CD kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kuanzia katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa CD huharibu data nyingi zinazofuatana, ilhali mkwaruzo unaokata njia hiyo hugusa kidogo tu kila mahali na mashine ina uwezo wa kuusahihisha.

Mashine nyembamba hufunguka juu na lenzi inaonekana wazi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, lowanisha kijiti cha pamba kwa tone moja la isopropili, ufute lenzi kwa mguso mwepesi, kisha uiache ikauke. Usitumie thina hata kama fundi jirani anaisifu, kwa maana thina hula plastiki. Mashine nene huhitaji kufunguliwa ili lenzi ifikiwe. Kama hujawahi kufungua moja, mpelekee fundi.

Utajua hatua hii imefaulu pale gemu inapofika kwenye menyu kuu na kupakia mapambano kadhaa mfululizo bila kukwama.

## Hatua ya 3: Unganisha televisheni kwa njia inayofaa

Hapa ndipo tatizo lilipojificha kwa wengi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

PlayStation 2 hutuma picha ya mistari inayopishana: mashine za Marekani na Japani hutuma mistari 480, na za Ulaya mistari 576. TV ya chogo iliumbwa kwa ajili ya picha ya aina hiyo na huichora mara tu inapoipokea. Televisheni bapa haiwezi kufanya hivyo. Inalazimika kukusanya mistari, kuiunganisha, kuikuza ijaze kioo chote, kuipaka urembo wa rangi na ukali, ndipo iionyeshe. Kila kazi kati ya hizo inakula muda. Gemu ya kupigana huenda fremu 60 kwa sekunde kwenye mfumo wa hertz 60, maana yake fremu moja hudumu kama milisekunde 16.7, kwa hiyo televisheni inayochelewa milisekunde 100 inakuonyesha pambano lililokwisha kupita kwa fremu 6. Kitendo cha kupotea kinadai ubonyeze katika nafasi finyu sana, na fremu 6 zinatosha kuimeza yote.

Fanya hivi kwa mpangilio.

Kwanza, chagua njia ya kuunganisha. Ukiwa na TV ya chogo, waya wa AV wa kawaida unatosha na unaweza kuiruka hatua ya 4. Ukiwa na televisheni bapa yenye matundu ya komponenti (kijani, bluu, nyekundu), tumia waya wa komponenti. Ukiwa na televisheni bapa yenye HDMI pekee, tafuta adapta iliyotengenezwa mahsusi kwa tundu la nyuma la PlayStation 2 na inayochukua mawimbi ya komponenti. Vile visanduku vidogo vinavyopokea waya wa njano na kutoa HDMI ndivyo chaguo la mwisho, kwa kuwa picha yake ni hafifu na baadhi yake huongeza ucheleweshaji wake wenyewe juu ya ule wa televisheni.

Pili, kabla ya kubadili waya kwenda komponenti au adapta ya HDMI, washa mashine bila CD, ingia kwenye mpangilio wa mfumo, fungua Component Video Out, na uchague Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB. Ukibadili waya kabla ya mpangilio huu, picha itakuja na rangi za ajabu au haitakuja kabisa, na utadhani waya ni mbovu. Hapo hapo angalia ukubwa wa kioo ulingane na televisheni yako.

Tatu, jihadhari na tundu la pamoja. Televisheni nyingi za miaka ya karibuni zina tundu moja linalotumiwa na waya wa njano wa AV na waya wa kijani wa komponenti. Picha ikija nyeusi na nyeupe, sababu ya kawaida ni kwamba umechomeka waya wa njano na huku televisheni imewekwa kusoma komponenti. Badili chanzo cha picha kwa rimoti kiwe AV kabla ya kulaumu mashine.

Nne, washa hali ya gemu kwenye televisheni. Huwa ndani ya mpangilio wa picha, na kwenye baadhi ya televisheni inabidi iwashwe kwa kila tundu peke yake. Hali hii huzima urembo mwingi unaochelewesha. Kisha zima kwa mkono kilichobaki: kulainisha mwendo, kupunguza chembechembe, na kuongeza ukali.

Tano, sauti itoke kwenye spika za televisheni au kwa waya. Spika za bluetooth hazifai kwa mazoezi haya, kwani sauti yake huchelewa, na mchezaji bila kujua hutegea mlio wa pigo kuliko anavyotegea picha.

## Hatua ya 4: Pima ucheleweshaji kwa simu

Usikisie. Weka simu mahali ambapo kamera inaona kidole chako juu ya pedi na kioo cha televisheni kwa pamoja. Ingia kwenye pambano dhidi ya mwenzako asiyefanya lolote, rekodi kwa fremu 240 kwa sekunde, kisha bonyeza Duara mara kadhaa kwa vipindi. Duara peke yake ni kinga, kwa hiyo mhusika atainua mikono kujikinga.

Fungua video na uisogeze fremu moja moja. Hesabu fremu kuanzia kidole kinapokandamiza kitufe hadi mikono ya mhusika inapoanza kusogea. Kila fremu ya video hiyo ni kama milisekunde 4.2, kwa hiyo fremu 24 ni milisekunde 100. Rudia mara kadhaa uchukue wastani, kwa sababu vipimo vitatofautiana kidogo.

Usitarajie sifuri. Gemu yenyewe inahitaji muda kupokea kitufe na kuchora mwitikio, hata kwenye TV ya chogo. Kinachotafutwa ni tofauti: pima hali ya gemu ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, pima waya mmoja, kisha mwingine. Bakia na mpangilio wenye namba ndogo zaidi, hata kama rangi zake zinapooza. Ukiweza kuazima TV ya chogo kwa jioni moja, pima nayo, na hiyo ndiyo itakuwa rula yako.

Ikiwa televisheni bapa inazidi TV ya chogo kwa fremu 20 au zaidi za simu hata baada ya marekebisho yote, hatua ya 8 itakuwa ngumu mno kwako. Ni afadhali kubadili televisheni kuliko kubadili mazoea ya vidole.

## Hatua ya 5: Kagua pedi

Vitufe vya pedi halisi ya PlayStation 2 hupima kiasi cha mkandamizo, na chini yake kuna karatasi nyembamba ya plastiki inayopitisha umeme. Karatasi hiyo ikipata uchafu au ikisogea, kitufe hukubali pale tu unapokandamiza kwa nguvu. Duara huchakaa haraka katika gemu hii kwa sababu ndiyo kinga.

Jaribio ni rahisi. Katika pambano, gusa Duara kwa wepesi, kwa kasi ya kawaida, mara ishirini. Mhusika ainue mikono mara ishirini. Akikosa hata mara moja, fungua pedi kwa bisibisi, inua raba, futa karatasi na chini ya raba kwa isopropili, kausha, na urudishe karatasi mahali pake bila kuikunja. Ikishindikana, tumia pedi nyingine. Mazoezi ya wakati hayana maana kwenye kitufe kinachochagua lini kikubali.

## Hatua ya 6: Andaa pambano la mazoezi

Weka memori kadi kwenye tundu la kwanza kabla ya kuwasha mashine. Pedi ya pili mpe mwenzako, mwingie kwenye mapambano ya Duel ya watu wawili.

Chagua kiwanja cha wazi. Viwanja vya mjini vina majengo yanayoziba kamera, na sekunde moja ya kamera iliyozibwa inaharibu zoezi. Weka muda mrefu kuliko yote inayoruhusiwa.

Gemu ina wahusika 161 ukihesabu mageuzi yao, na wingi huo unawavuta watu wachague kwa mapenzi. Kwa zoezi hili chagueni Goku na Vegeta, nyote wawili wa umbo la kawaida. Epuka majitu kama Great Ape, kwa kuwa ngumi za kawaida haziwayumbishi na mwenendo wao ni tofauti na wa wengine. Epuka pia Mr. Satan, asiyeweza kupaa angani.

Mkubaliane kuhusu vitufe kabla ya kuanza. Kwa mpangilio wa kawaida wa gemu, Mraba ni ngumi, na ukiushikilia unachaji pigo zito. Pembetatu ni mpira wa nguvu. Duara ni kinga. X ni kukimbilia. L2 ni kuchaji ki. R1 hupandisha na R2 hushusha.

## Hatua ya 7: Jifunze kuachia Duara

Kosa kubwa kuliko yote ni kushikilia Duara mapema kwa hofu. Duara iliyoshikiliwa ni kinga. Mhusika atakinga, hatapotea. Kupotea kunahitaji Duara ibonyezwe upya wakati pigo linafika, na kitufe kilichokwisha kushikwa hakiwezi kubonyezwa upya.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni la kuvumilia. Mwenzako asimame karibu nawe, ashikilie Mraba, aachie pigo zito. Wewe usifanye lolote. Pokea pigo, rushwa, rudi, pokea tena. Kidole gumba kikae juu ya Duara bila kuikandamiza, na macho yatazame mkono au mguu wa mpigaji. Usitazame mhusika wako.

Utaanza kuona sehemu mbili za pigo: kujivuta nyuma, kisha kuachia. Ukiweza kutaja kwa sauti “sasa” pale anapoachia, na mwenzako akakubali kwamba umepatia mara kwa mara, endelea mbele.

## Hatua ya 8: Potea mara moja

Sasa mwenzako aachie pigo zito kwa mwendo ule ule usiobadilika. Wewe bonyeza Duara mara moja tu, kwa mguso mfupi, pale pigo linapoufikia mwili.

Soma kosa lako kwa kinachotokea kwenye kioo. Mhusika akikinga, umebonyeza mapema. Akirushwa bila kukinga, umechelewa au kitufe hakikukubali. Akipotea na kutokea nyuma ya mpigaji, umepatia, na hapo mpigaji ndiye aliye hatarini.

Usibonyeze Duara mfululizo ukitumaini mojawapo itaangukia mahali pake. Wengi hufaulu mara chache kwa njia hiyo na kuiamini, lakini dhidi ya mchezaji anayebadilisha kasi ya pigo lake njia hiyo huanguka. Ukikosa kwa kuchelewa mara nyingi mfululizo, usiongeze kasi ya kidole. Rudi hatua ya 4 upime tena, kwani huenda hali ya gemu imejizima televisheni ilipobadilishwa chanzo cha picha. Hilo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani.

Ukipatia mara nane katika mapigo kumi ya mwendo mmoja, mwenzako aanze kubadilisha: pigo moja alichaji kwa muda mfupi, jingine kwa muda mrefu, jingine ajifanye anachaji kisha asogee pembeni. Hapa kiwango kitashuka, na ni kawaida kabisa. Kikipanda tena hadi sita katika kumi, umeshajifunza kutazama, na hutegemei tena kuhesabu kichwani.

## Hatua ya 9: Linda ki yako

Kupotea kunakula ki, mita iliyo chini ya ile ya uhai. Mchezaji aliyemaliza ki yote kwa mipira ya nguvu anabonyeza Duara kwa wakati sahihi kabisa na bado anarushwa, kisha anahitimisha kwamba alichelewa. Kabla ya kujilaumu, tazama mita.

Usiichanganye ki na ile namba ndogo ya akiba inayopanda yenyewe kadiri muda unavyokwenda. Hiyo hutumika kwa mbinu za L2 pamoja na Duara, na haisaidii kupotea.

Kanuni ninayoipendekeza bila kusita ni hii: usishuke chini ya theluthi ya mita kwa hiari yako. Shambulio kubwa la L2 na Pembetatu huvutia, lakini likikosa linakuacha mtupu mbele ya mtu mwenye ki iliyojaa. Chaji kwa L2 ukiwa mbali tu, kwa sababu wakati wa kuchaji hujikingi. Kumrusha mpinzani mbali kwa pigo zito kunakupa nafasi hiyo. Itumie kuchaji kidogo, halafu uachie L2 kabla hajafika.

## Hatua ya 10: Kupotea kwa kujibizana

Ukipotea na kumfikia mpinzani kwa nyuma, naye anaweza kubonyeza Duara kwa wakati wake na kupotea pia. Mkiwa wote hodari, mtapotea mmoja baada ya mwingine mara kadhaa, na kila mara ki inapungua. Mabishano hayo humalizwa na yule atakayeishiwa ki au atakayekosa wakati.

Fanyeni zoezi hili kwa makusudi: mkianza nyote na ki iliyojaa, endeleeni kujibizana hadi mmoja aanguke. Sikiliza mdundo wa majibizano, maana hauko sawa na mdundo wa pigo la kwanza. Nafasi kati ya pigo na pigo ni fupi zaidi, na wengi hukosa jibu la pili kwa kusubiri kwa muda waliozoea.

Pia jifunze kujiondoa. Ukiona mita yako iko chini kuliko yake, kubali kurushwa mapema ungali na ki kidogo, badala ya kuimaliza yote ndipo urushwe. Uhai unaopotea kwa pigo moja ni mdogo kuliko ule utakaopotea ukiwa huna ki ya kukwepa kinachofuata.

## Hatua ya 11: Dhidi ya kompyuta, kisha kwenye kibanda

Anza na kompyuta ya kiwango cha chini na upande kidogo kidogo. Fahamu kwamba kompyuta ya viwango vya juu hupotea kwa ustadi usio wa kawaida, kwa hiyo kushindwa nayo katika majibizano si kipimo cha haki. Itumie kuzoea mapigo ya wahusika mbalimbali, kwani kila mmoja huachia pigo kwa mwendo wake.

Kwenye kibanda cha gemu huwezi kugusa mpangilio wa televisheni, na pedi zimepita mikono mingi. Tumia pambano la kwanza kupima badala ya kushindania: gusa Duara kwa wepesi uone kama inakubali, kisha mwache mpinzani akupige pigo zito mara mbili huku ukijaribu kupotea. Mhusika akirushwa zote mbili na una hakika na wakati wako, televisheni ile inachelewa. Bonyeza mapema kidogo, mwili wa mpigaji unapoanza kuachia badala ya pigo linapogusa, na ukirudi nyumbani rudia hatua ya 8 kwa dakika chache kabla ya kucheza pambano lolote la kweli.